Ruta ya Mtumba na Intaneti ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayojirudia kwa watu walionunua ruta zilizokwisha kutumika Kariakoo au Luthuli Avenue, walioletewa na ndugu kutoka Uingereza au Omani, au waliokuta kifaa kimeachwa ukutani na mpangaji aliyehama. Jambo moja linafaa kujulikana mapema: mara nyingi ruta ya mtumba haijaharibika, bali bado inamkumbuka mmiliki wake wa kwanza. Nenosiri, mtandao na hata nchi yake ya zamani vimo ndani yake, na kazi kubwa ya kuitengeneza ni kuisahaulisha, au kutambua mapema kwamba haitakubali kusahau.

## Mambo ya msingi

1. Nina kifaa chenye antena mbili na sijui ni ruta ya aina gani. Nitajuaje?

Tazama nyuma ya kifaa kabla ya kutazama antena, kwa sababu matundu ndiyo yanayoeleza kazi yake. Ruta ya kawaida ina tundu moja la waya wa mtandao lililoandikwa WAN au Internet, mara nyingi la rangi tofauti na mengine, pamoja na matundu kadhaa yaliyoandikwa LAN. Ruta ya simu ya mezani ina tundu jembamba lililoandikwa DSL, lenye umbo la tundu la waya wa simu za zamani. Kisanduku cha faiba kina tundu dogo la mraba lililoandikwa PON au OPTICAL, mara nyingi likiwa na kifuniko cha plastiki. Ruta ya laini ya simu ya mkononi ina nafasi ya kuingizia laini, pembeni au chini ya betri.

Malalamiko mengi kwamba «ruta ni mbovu» huanzia hapa, kwa mtu aliyenunua kifaa cha aina moja huku huduma aliyolipia ni ya aina nyingine.

2. Nitajuaje kama tatizo ni ruta au ni mtoa huduma?

Iondoe ruta njiani. Chukua waya unaotoka kwenye kisanduku cha mtoa huduma, uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, kisha jaribu kufungua tovuti mbili tatu. Intaneti ikifunguka vizuri, ruta ndiyo yenye kasoro. Isipofunguka, usimwite fundi wa ruta kwanza. Piga simu kwa mtoa huduma, lakini soma pia swali la 7, kwa sababu baadhi ya mitandao hukataa kompyuta ngeni hata kama waya ni mzima.

Wasio na kompyuta wanaweza kurudisha ruta ya awali kwa dakika chache, au kuazima ya jirani anayetumia huduma ileile. Muulize pia huyo jirani kama kwake intaneti ipo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikasuasua kuanzia Kenya na Tanzania hadi Msumbiji na Malawi. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa ruta utakaosaidia, na mtu anayeanza kubadilishabadilisha mipangilio huongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

3. Nawezaje kufuta kila kitu cha mmiliki wa zamani?

Rejesha mipangilio ya kiwandani. Ruta ikiwa imewaka na imetulia, tafuta kitundu kilichoandikwa RESET, ingiza sindano butu au kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, bonyeza bila kuachia kwa sekunde 10 hadi 15, na uachie taa zote zinapozimika au kuwaka kwa pamoja. Kisha iache kwa dakika tano bila kuchomoa umeme. Baadhi ya ruta za zamani hutaka sekunde 30, kwa hiyo jaribio la kwanza lisipozaa matunda, rudia kwa muda mrefu zaidi.

Dalili kwamba kazi imefanyika ni jina la Wi-Fi. Likibadilika na kuwa lile lililochapishwa kwenye stika ya chini, umefaulu. Likibaki «Familia ya Fulani», bado hujafuta chochote.

Hata hivyo, usifanye hivi kwenye kisanduku ulichopewa na mtoa huduma wako mwenyewe, kwa sababu huenda kina mipangilio aliyoiweka fundi wao na ambayo wewe huna nakala yake.

4. Ukurasa wa mipangilio haufunguki, au nenosiri lake linakataliwa. Nifanye nini?

Anwani ya ukurasa huo huwa kwenye stika. Stika ikiwa imebanduka, jiunge na Wi-Fi ya ruta, fungua maelezo ya mtandao huo kwenye simu, na utafute neno Gateway au Router. Namba iliyo mbele yake ndiyo anwani. Zinazokutwa zaidi ni 192.168.1.1 na 192.168.0.1, na ruta nyingi za laini za Huawei hutumia 192.168.8.1. Iandike kwenye kivinjari palepale juu, si kwenye sanduku la kutafutia, na uzime data ya simu kwa muda, kwa maana simu ikiona kwamba Wi-Fi haina intaneti hurudi kwenye data kimyakimya na ukurasa hautaonekana.

Nenosiri likikataliwa hata baada ya kufuata swali la 3, basi ruta imewekewa programu maalumu na mtoa huduma wa awali. Hapo nenda swali la 9.

## Inawaka, lakini intaneti haiingii

5. Ndugu yangu ameniletea ruta nzuri kutoka Uingereza. Kwa nini haifanyi kazi na faiba yangu?

Nyumba nyingi za Uingereza zimepata intaneti kwa miaka mingi kupitia waya wa simu ya mezani, na watoa huduma huwapa wateja ruta zilizotengenezwa kwa ajili ya waya huo. Mteja akihama mtandao, ruta hubaki kabatini, na ndizo zinazofungwa kwenye mabegi ya kuja nyumbani. Kama ina tundu la DSL peke yake na haina WAN, haiwezi kupokea waya unaotoka kwenye kisanduku chako cha faiba kama ruta kuu.

Baadhi zinaruhusu tundu mojawapo la LAN kugeuzwa kuwa WAN ndani ya mipangilio, kwa hiyo inafaa kuchungulia. Usipoona uwezekano huo, kifaa bado kinaweza kusaidia kusambaza Wi-Fi nyuma ya ruta nyingine, kama inavyoelezwa katika swali la 15.

6. Nimenunua kisanduku cha faiba kilichotumika. Nimechomeka waya wa faiba na taa nyekundu ya LOS haizimiki, au PON inapepesa tu. Kwa nini?

Taa hizi mbili zinasema mambo tofauti. LOS nyekundu ina maana kwamba mwanga haufiki: waya umekunjwa mno, kichwa chake kina vumbi, au umekatika. Kagua kama haukubanwa na mlango au kukunjwa kwa kona kali nyuma ya kabati, kisha mwachie fundi wa mtoa huduma. Usichungulie ndani ya ncha ya waya huo kwa jicho. Mwanga wake hauonekani, lakini upo.

PON inayopepesa bila kutulia ina maana kwamba mwanga unafika, ila mtambo wa mtoa huduma haukitambui kisanduku. Kila kisanduku cha faiba kina namba yake ya utambulisho, na mtambo hukubali zile zilizoandikishwa tu. Kisanduku cha jirani aliyehama hakitafunguka kwako mpaka mtoa huduma aifute namba hiyo kwenye akaunti ya zamani na kuiandika kwenye yako, na wengi hawakubali kufanya hivyo, hasa kwa vile visanduku hivyo kwa kawaida ni mali yao na mteja alipaswa kuvirudisha. Ushauri wangu ni kutonunua kisanduku cha faiba cha mtumba hata kidogo. Nunua ruta ya kawaida uiweke nyuma ya kisanduku ulichopewa.

7. Ruta ni ya kawaida, waya uko kwenye WAN, lakini inaandika «hakuna intaneti». Kwa nini?

Kuna sababu mbili kuu. Ya kwanza ni namna ya kuunganishwa. Baadhi ya watoa huduma hutoa anwani yenyewe mara waya unapochomekwa, na hapo ruta iwekwe kwenye DHCP. Wengine hutaka jina na nenosiri kwa njia ya PPPoE. Ruta isiyofutwa inaweza kuwa bado inatuma jina la mteja mwingine kwa mtandao mwingine, na kukataliwa kila mara. Piga simu uulize mambo matatu: je, ni DHCP au PPPoE, jina na nenosiri langu ni lipi, na je, kuna namba ya VLAN (namba inayotenganisha huduma mbalimbali ndani ya waya mmoja)?

Ya pili ni kwamba mtandao umeifunga huduma yako kwenye anwani ya MAC ya ruta ya zamani, ambayo ni namba yenye tarakimu na herufi 12 iliyo kwenye stika. Waombe wasajili MAC ya ruta mpya, au tumia sehemu ya mipangilio inayoitwa MAC Clone kuipa ruta ya mtumba namba ya ruta yako ya awali. Ukichagua njia hii, ruta zote mbili zisiwashwe kwa pamoja kwenye mtandao mmoja.

8. Ruta ya laini inasoma laini lakini haipati 4G. Je, ni mbovu?

Huenda si mbovu. Anza na kufuli ya mtandao: ruta iliyouzwa kwa punguzo na kampuni ya simu hukataa laini za kampuni nyingine na kudai namba ya kufungulia, ambayo majaribio yake yana kikomo, kwa hiyo usibahatishe namba za mtandaoni.

Pili ni masafa. Katika Afrika Mashariki 4G hutumia, miongoni mwa mengine, megahezi 800 na 1800, na katika baadhi ya mitandao 700. Ruta iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inaweza kukosa 800 na 1800 kabisa, na 700 yake imegawanywa tofauti na ya kwetu. Kwenye stika au kwenye ukurasa wa mtengenezaji tafuta B20 (800), B3 (1800) na B28 (700). Zikikosekana zote, hakuna fundi atakayeziongeza.

Tatu ni IMEI, namba ya utambulisho ya kila kifaa cha laini. Mnamo Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu zenye IMEI bandia nchini Tanzania, na wengi walijifunza siku hiyo kwamba kifaa kina kitambulisho chake. Ruta ya laini nayo inacho. Linganisha IMEI ya kwenye stika na inayoonekana ndani ya mipangilio. Zikitofautiana, rudisha kifaa dukani.

9. Nimefuta kila kitu, lakini kila ninapoichomeka mipangilio ya zamani inarudi. Je, inawezekana?

Inawezekana. Ruta zinazogawiwa na watoa huduma huwekewa maelekezo ya kumpigia mtoa huduma huyo na kuomba mipangilio yake, kwa utaratibu unaoitwa TR-069. Kurejesha mipangilio ya kiwandani hakuyaondoi maelekezo hayo, kwa sababu kwa ruta hiyo «kiwanda» ni yule mtoa huduma. Ukiweza kuingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya TR-069 au CWMP uizime. Sehemu hiyo ikiwa imefichwa, njia iliyobaki ni kubadilisha programu endeshi (firmware) nzima, na hilo hufanikiwa kwa baadhi ya modeli na kuziua kabisa nyingine. Kama bado uko ndani ya siku za kurudisha bidhaa, irudishe.

## Intaneti ipo, lakini inasuasua

10. Ruta inajizima na kujiwasha yenyewe, hasa usiku. Nianzie wapi?

Anza na adapta. Mwaka niliohamia nyumba ninayokaa sasa nilinunua ruta katika duka moja la vifaa vilivyotumika, na kwa wiki tatu niliamini kwamba mtoa huduma ananionea, kwa maana asubuhi intaneti ilikuwa safi na kila ilipofika saa mbili usiku, watu wote wakiwa nyumbani, taa zilizimika kwa pamoja na kuanza upya. Siku niliyoigeuza ruta nilikuta chini yake pameandikwa 12V 1.5A. Adapta niliyopewa iliandikwa 12V 0.5A, ilikuwa ya kifaa kingine kabisa, na plagi yake iliingia tu kwa bahati. Asubuhi ruta ilikuwa na kazi ndogo na umeme huo uliitosha. Usiku, simu sita zikiwa zimeunganishwa, ilihitaji zaidi na ikaanguka.

Volti za adapta lazima zilingane kabisa na zilizoandikwa kwenye ruta. Ampea zinaweza kuzidi, lakini zisipungue. Kagua pia mchoro wa alama za kujumlisha na kutoa unaoonyesha ncha ya ndani ya plagi. Ukipishana, unaweza kuunguza kifaa. Kwa adapta kutoka Marekani hakikisha pameandikwa INPUT 100-240V, kwa sababu iliyoandikwa 120V peke yake haitauhimili umeme wetu.

Adapta ikiwa sahihi na tatizo likabaki, gusa ruta. Kama ina joto la kuunguza, itoe juu ya kisimbuzi au ndani ya kabati la televisheni. Ruta iliyopikwa kwa miaka namna hiyo huweza kuwa na vipuri vilivyovimba ndani, na kwa bei za sasa matengenezo yake ni nadra kulipa.

11. Ninalipia megabiti 200 lakini sipati zaidi ya 94. Nani ananipunja?

Namba hiyo inajieleza yenyewe. Matundu ya ruta nyingi za bei nafuu yana kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde, na baada ya kutoa sehemu inayoliwa na kazi ya kusafirisha data hubaki takribani 94 au 95. Soma sifa za modeli yako: zikisema 10/100, umefika mwisho wake. Zikisema 10/100/1000, shuku waya. Ndani ya waya wa mtandao kuna nyaya nane nyembamba. Kasi ya 1000 huzihitaji zote, ilhali ya 100 hutosheka na nne, hivyo mmoja kati ya zile nne za ziada ukikatika ruta hushuka bila kukuambia.

12. Wi-Fi ni nzuri sebuleni lakini chumbani haifiki. Je, ruta imechoka?

Pengine ni nyumba. Ruta nyingi hutoa masafa mawili: gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini hugombaniwa na majirani, na gigahezi 5 ni ya kasi lakini hudhoofishwa haraka na ukuta wa tofali za saruji. Ruta ya mtumba iliyo na 2.4 peke yake itateseka kwenye majengo ya ghorofa. Iweke katikati ya nyumba, juu, mbali na jokofu na mabati, kisha chagua mwenyewe chaneli (njia ndogo ndani ya masafa ya 2.4) 1, 6 au 11, ile yenye msongamano mdogo.

13. WhatsApp inafanya kazi, lakini baadhi ya tovuti zinazunguka tu bila kufunguka. Kwa nini?

Kwa wenye PPPoE, angalia MTU, yaani ukubwa wa juu wa kifurushi kimoja cha data: inapaswa kuwa 1492 au pungufu, si 1500. Kama hutumii PPPoE, angalia DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Ruta inaweza kuwa na anwani za DNS zilizoandikwa kwa mkono na mmiliki wa zamani, za mtandao ambao hauzijibu tena. Weka upatikanaji wa moja kwa moja, au jaribu DNS za umma 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Ukikuta DNS usiyoifahamu hata baada ya kufuta kila kitu, soma swali linalofuata kabla ya kuingia kwenye akaunti ya benki.

## Usalama

14. Je, mmiliki wa zamani anaweza kuona ninachofanya?

Kama umefanya ya swali la 3, ukabadilisha nenosiri la Wi-Fi na lile la ukurasa wa mipangilio, na ukazima usimamizi wa mbali pamoja na WPS (njia ya kujiunga bila kuandika nenosiri), mtu wa kawaida hana njia. Kwenye ulinzi wa Wi-Fi weka WPA2 au WPA3. Ruta inayojua WEP tu, ulinzi wa zamani ulio dhaifu, isitumike.

Hatari kubwa zaidi ni programu endeshi ya zamani. Mwaka 2018 programu hasidi iliyoitwa VPNFilter iligunduliwa kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, na Mei 2025 FBI ilionya kuhusu ruta zilizoachwa na watengenezaji wake, ambazo wahalifu huzigeuza kuwa vichaka vya kujifichia. Kwa hiyo, siku ya kwanza, pakua programu endeshi mpya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, ukihakikisha kwamba hata toleo la modeli linalingana, kwa mfano V2 si V3. Kama toleo la mwisho lina umri wa miaka mingi, ninaamini kwa dhati kwamba ruta hiyo haifai kuwa mlango wa nyumba ambamo watu hutuma fedha kwa simu. Kivinjari kikikuonya kuhusu cheti cha usalama kwenye tovuti ya benki, acha palepale.

## Hali zisizo za kawaida

15. Nimeweka ruta ya mtumba nyuma ya kisanduku cha mtoa huduma, na sasa vyote viwili vinagongana. Nifanyeje?

Huenda vyote vinatumia 192.168.1.1. Njia rahisi ni kuigeuza ruta ya mtumba iwe kisambaza Wi-Fi tu: ipe anwani nyingine ya mtandao uleule, kama 192.168.1.2, zima DHCP yake ili isigawe anwani, kisha chomeka waya kwenye LAN badala ya WAN. Ruta nyingi zina mpangilio uitwao Access Point unaofanya yote haya kwa mkupuo. Njia hii pia huokoa ruta za swali la 5.

16. Simu moja tu haioni Wi-Fi, nyingine zote zinaiona. Tatizo ni simu?

Chunguza chaneli. Ruta za Ulaya huweza kuchagua chaneli 12 au 13, ilhali simu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani huishia 11. Weka chaneli 1, 6 au 11 na simu itauona mtandao. Kama ruta inatumia WPA3 peke yake, simu za zamani hazitaweza kujiunga. Chagua mpangilio wa WPA2 na WPA3 kwa pamoja.

17. Nataka kuiuza ruta yangu. Nimwachie mnunuzi nini?

Andika kwanza jina na nenosiri lako la PPPoE pembeni, kwa maana utalihitaji kwenye ruta mpya. Toa laini, fanya ya swali la 3, na kama MAC yako ilisajiliwa, mwambie mtoa huduma aiondoe. Usibandue stika ya chini, na kama imefutika, andika upya anwani na nenosiri la kiwandani kwenye kipande cha karatasi ukibandike kwa selotepu. Adapta yake halisi ifunge kwa mpira pamoja na ruta yenyewe, ili isipotee kwenye boksi la adapta za duka.